Duke ina ukuta wa chuma, kimbembe ni dakika za jioni

DURHAM, MAREKANI

MECHI nane, ushindi sita, vichapo viwili. Kwa vyuo vingi vya Marekani, hesabu hiyo mwanzoni mwa Desemba ingetosha kufanyiwa sherehe. Kwa Chuo Kikuu cha Duke, inatazamwa kwa jicho la wasiwasi. Na wasiwasi wenyewe hauko kwenye idadi ya vichapo, uko kwenye namna vilivyokuja.

Novemba 12 pale Atlanta, Duke ililala 77-72 mbele ya Kentucky. Wiki mbili baadaye, Novemba 26 jijini Las Vegas, ikalala tena 75-72 mbele ya Kansas. Kimoja kwa pointi tano, kingine kwa pointi tatu. Jumla ni pointi nane tu kwa mechi mbili, na zote mbili zilikuwa wazi kwa kila upande hadi dakika za jioni.

Halafu usiku wa kuamkia Alhamisi wiki hii, kwa saa za Afrika Mashariki, vijana wa kocha Jon Scheyer wakajibu. Auburn, iliyokuwa ya pili kwa viwango nchini humo na haijapoteza mchezo wowote, ilikwenda Durham na kurudi kwao na kichapo cha 84-78. Mashabiki wa Duke wakapumua.

Hata hivyo, ushindi huo ukitazamwa kwa utulivu unaeleza vizuri zaidi timu hii inaumwa nini. Duke ya 2024 ina ukuta unaoweza kuifikisha popote. Inachokosa ni mtu wa pili wa kushika mpira wakati mchezo umebana na saa inakimbia. Na kwa kikosi hiki hakuna kauli ya "tutajipanga msimu ujao", kwa sababu msimu ujao wengi wao hawatakuwepo.

UKUTA WENYEWE

Kwa mpenzi wa kandanda, Duke hii ni rahisi kuielewa. Ni timu inayoanzia nyuma. Inakaba kwanza, mabao yanafuata.

Matokeo yanasema hivyo. Ilianza Novemba 4 kwa kuichapa Maine 96-62, ikaipiga Army 100-58, na baada ya kuteleza mbele ya Kentucky ikaikandamiza Wofford 86-35. Ikasafiri hadi Tucson na kuifunga Arizona 69-55 mbele ya mashabiki wake, ikaanguka kwa Kansas, ikaichapa Seattle 70-48, kisha ikaja Auburn. Katika mechi hizo nane imeruhusu pointi 488, sawa na wastani wa pointi 61 kwa mchezo. Yenyewe imefunga 649, wastani wa 81.

Wofford kupata pointi 35 ndani ya dakika 40 ni sawa na kutofikisha hata pointi moja kwa dakika. Lakini kwa Wofford mtu anaweza kusema ni timu ndogo. Arizona si timu ndogo, na ilikuwa nyumbani, ukumbi umejaa, kelele kila kona. Ikaishia pointi 55.

Siri iko kwenye urefu na namna unavyotumika. Mpira wa kikapu wa kisasa una mtego mmoja unaotumiwa na karibu kila timu. Mchezaji mmoja anasimama kama kigingi njiani kwa beki anayemkaba mwenye mpira, beki anakwama, na kwa sekunde moja au mbili mtu mrefu na mzito anajikuta akikimbizana na mfupi mwenye kasi. Hapo ndipo vikapu vinapopatikana kiulaini.

Kwa Duke mtego huo unashika hewa. Mchezaji mfupi kuliko wote wanaopata dakika za maana, Caleb Foster, ana futi 6 na inchi 5. Tyrese Proctor kutoka Australia na Sion James aliyetokea Tulane wana futi 6 na inchi 6 kila mmoja. Kon Knueppel amewazidi kidogo. Cooper Flagg ana futi 6 na inchi 9. Kigingi kikiwekwa, wanabadilishana watu tu na maisha yanaendelea, kwa sababu hakuna kibonde wa kuonewa. Maliq Brown, aliyesajiliwa kutoka Syracuse, anatokea benchi akiwa na sifa ya kupora mipira kama kibaka wa stendi.

Nyuma ya wote hao anasimama Khaman Maluach, futi 7 na inchi 2. Huyu ni kipa na beki wa kati kwa wakati mmoja. Anayefanikiwa kuwapita wa mbele anakutana na mikono yake juu ya kikapu, na wengi wanaamua kurudisha mpira nje badala ya kujaribu bahati. Pasi hizo za kurudi nyuma haziingii kwenye takwimu, lakini ndizo zinazokula sekunde 30 za shambulizi na kumlazimisha mpinzani kurusha mpira wa kubahatisha.

Mbele yake Flagg anafanya kazi ya kiungo mkabaji. Anasoma pasi kabla haijatoka mkononi, anaziba, anageuza shambulizi. Dogo huyo bado ana miaka 17. Atafikisha 18 Desemba 21. Katika mechi ya kwanza ya maisha yake ya chuo, dhidi ya Maine, chuo cha jimbo alikozaliwa, alifunga pointi 18. Dhidi ya Arizona akafunga 24. Wachambuzi wengi wanamtaja kuwa mchezaji atakayechaguliwa wa kwanza kuingia NBA mwakani.

Ukuta wa namna hii hautegemei bahati. Mpira wa mbali unaweza kugoma kuingia usiku mmoja, lakini miguu inayokaba na mikono mirefu inasafiri na timu kila inapokwenda. Ndiyo maana Duke haijapigwa vibaya na yeyote, na huenda isipigwe vibaya msimu mzima.

KIPINDI CHA PILI ATLANTA

Tatizo linaanza pale mpinzani anapokataa kuvunjika.

Kikapu cha vyuo huchezwa kama kandanda, vipindi viwili, kila kimoja dakika 20, tofauti na NBA yenye robo nne. Dhidi ya Kentucky, Duke ilikwenda mapumziko ikiongoza 46-37. Ilionekana kazi imeisha. Kipindi cha pili Kentucky ikafunga pointi 40, Duke 26.

Mpaka sekunde za mwisho timu zilikuwa zimefungana. Mpira akapewa Flagg. Akaingia nao ndani, Otega Oweh wa Kentucky akaupora, akafanyiwa faulo na kufunga mitupo huru. Duke ikapata nafasi ya kusawazisha, mpira ukaenda tena kwa Flagg, ukapotea tena. Mchezo ukaishia hapo.

Takwimu za Flagg usiku ule zilikuwa pointi 26 na rebaundi 12. Kumbebesha lawama dogo aliyefanya yote hayo ni kukosa shukrani. Swali linapaswa kwenda kwenye benchi: kwa nini kila mtu ukumbini, wakiwemo wachezaji wa Kentucky, alijua mpira unakwenda wapi?

Mashabiki wa kandanda wameiona sana timu ya aina hii. Dakika 70 inacheza pasi, inabadilisha upande, inatengeneza nafasi. Ikifika dakika ya 85 mambo yamekaza, inasahau yote na kuanza kubutua mipira mirefu kwa straika mmoja. Straika anaweza kuwa mkali kiasi gani, lakini mabeki watatu wakimsubiri eneo lile lile, hafiki popote. Kwa Duke straika huyo ana miaka 17, na anatakiwa aruke, ashuke kuchukua mpira, apige chenga na amalizie mwenyewe.

Kuna utetezi kwamba kikosi ni kipya. Ni kweli. Baada ya kutolewa na NC State 76-64 kwenye hatua ya nane bora Machi 31, wachezaji saba walitumia dirisha la uhamisho kwenda vyuo vingine, na wawili, Kyle Filipowski na Jared McCain, wakaenda NBA. Waliobaki kati ya waliokuwa wakipata dakika za maana ni Proctor na Foster. Waliokuja ni pamoja na vijana sita wa mwaka wa kwanza.

Lakini utetezi huo hausimami mbele ya Kentucky. Nao walikuwa wapya, na kocha wao Mark Pope naye ni mgeni, katokea BYU. Tofauti ni kwamba Pope alijaza watu wazima. Andrew Carr, aliyefunga pointi 17 usiku ule, yuko mwaka wa tano wa chuo. Lamont Butler alishacheza fainali ya taifa 2023 akiwa na San Diego State. Hawakuwa na mazoea ya kucheza pamoja, ila walikuwa na mazoea ya kucheza dakika za presha.

KANSAS BILA DICKINSON

Las Vegas iliuma zaidi. Kansas ilikuwa namba moja kwa viwango, na nguzo yake ni Hunter Dickinson, mrefu wa futi 7 na inchi 2. Zikiwa zimebaki dakika kumi na ushee, Dickinson alitolewa nje kwa kumpiga Maliq Brown teke la kichwa wakati wakigombea mpira chini. Kwa lugha ya kandanda, hiyo ni kadi nyekundu ya moja kwa moja.

Kikapu hakina adhabu ya kucheza pungufu, anaingia mwingine. Lakini Kansas ilikuwa imempoteza mtu wake wa ndani ya boksi, na upande wa pili Duke ilikuwa na Maluach, Flagg na Brown. Kwa karatasi, dakika kumi zile zilikuwa za Duke kupiga pasi ndani, kuchota faulo na kwenda kwenye mstari wa mitupo huru. Haikutokea. Kansas ikajibana, ikamwachia Dajuan Harris apange kasi ya mchezo, ikashinda kwa pointi tatu.

Harris ni mfano mzuri wa kile ambacho Duke haina. Si mfungaji wa kutisha. Ila alikuwa kwenye kikosi cha Kansas kilichotwaa ubingwa wa taifa 2022, na mpira ukiwa mikononi mwake dakika ya 38, wenzake wanne wanajua pa kusimama.

Hapa umri una nafasi yake. Wachezaji waliocheza msimu wa 2020-21, wakati wa uviko, waliongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Matokeo yake vyuo vimejaa watu wazima. Dickinson amefikisha miaka 24 mwezi uliopita. Huyo na Flagg wanatofautiana miaka sita na ushee, na wanakutana uwanja mmoja. Kipaji kinaweza kuziba pengo hilo kwa dakika 35. Dakika tano za mwisho huwa zinauliza maswali mengine.

MALUACH NA SAA YA MWISHO

Katika habari hii yote, jina linalofuatiliwa kwa karibu zaidi ukanda huu ni la Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, familia ikakimbilia Uganda, na akakulia Kawempe, Kampala. Kama watoto wengi wa mtaani alianza na kandanda, hadi urefu ulipomzidi nguvu na watu wakaanza kumwambia aende kwenye kikapu. Kutoka hapo akaenda kwenye akademia ya NBA Senegal, akacheza Ligi ya Kikapu Afrika, na mwaka huu alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala kwenye michuano hiyo.

Akiwa na miaka 16 alicheza Kombe la Dunia 2023 na Sudan Kusini. Akiwa na 17 alikwenda Olimpiki ya Paris. Na kabla ya Paris, Julai mwaka huu jijini London, alikuwa kwenye kikosi kilichotaka kuitia aibu Marekani. Sudan Kusini ilikwenda mapumziko ikiongoza 58-44, ikalala 101-100 baada ya LeBron James kufunga zikiwa zimebaki sekunde nane. Kwa hiyo maumivu ya kupotezea mchezo mwishoni si mageni kwake.

Njia aliyopita Durham nayo ina alama za nyumbani. Luol Deng, rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, alichezea Duke msimu wa 2003-04 na kufika nne bora kabla ya kwenda NBA. Watanzania nao wana kumbukumbu yao ya mrefu wa vyuo: Hasheem Thabeet alifika nne bora na Connecticut 2009, mwaka huo huo akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Thabeet alipikwa chuoni miaka mitatu. Maluach, kwa jinsi anavyotajwa, huenda akaondoka baada ya mmoja.

Swali la kiufundi ni hili: mchezo ukibana, Maluach akae uwanjani au benchi? Mpaka sasa anatumika karibu nusu ya mchezo. Sababu inaeleweka. Timu zenye warefu wanaorusha mpira wa mbali au kupanga pasi wakiwa nje ya boksi, kama Kentucky ya Pope, zinamvuta mrefu mbali na kikapu, na akitoka, ukuta unabaki hauna kipa. Kwa hiyo kocha anakuwa na kishawishi cha kumweka Brown, mwepisi zaidi na anayeweza kumkaba yeyote.

Uamuzi huo una gharama upande wa pili wa uwanja. Maluach akiwepo, mabeki wa mpinzani hawawezi wote kumkimbilia Flagg, kwa sababu pasi moja ya juu inaishia mikononi mwa mtu ambaye hakuna wa kumfikia. Akiondoka, boksi linabaki tupu na mabeki wanajazana njiani kwa Flagg. Kinachookolewa nyuma kinapotea mbele. Scheyer hajaonyesha bado kuwa ana jibu, na si jibu la kupatikana Machi. Linatakiwa kufanyiwa mazoezi sasa, hata kwa gharama ya mchezo mmoja au miwili.

AUBURN ILIONYESHA DAWA

Sasa irudi Auburn. Wageni walianza kwa moto, wakaongoza 13-2. Cameron Indoor, ukumbi wa tangu 1940 unaochukua watu 9,314, ulikuwa umeshikwa na ganzi.

Aliyeuamsha hakuwa Flagg. Alikuwa Isaiah Evans, kinda wa mwaka wa kwanza, mwembamba kama ufito, ambaye mechi za nyuma alikuwa akipata dakika za kuokoteza. Alitoka benchi na kufunga mitupo sita ya pointi tatu, pointi 18, zote kipindi cha kwanza. Mchezo ukageuka.

Flagg alimaliza na pointi 22 na rebaundi 11, mbele ya Johni Broome wa Auburn aliyepata pointi 20 na rebaundi 12. Tofauti na Atlanta ni kwamba safari hii hakubeba zigo peke yake. Moto wa Evans uliwafanya mabeki wa Auburn wawe na watu wengine wa kuwawazia, na nafasi ndani zikafunguka. Hiyo ndiyo dawa, na haihitaji usajili mpya. Inahitaji kocha awaamini watu watatu au wanne kuushika mpira wakati wa hatari.

Wa kwanza kuhusika ni Proctor. Yuko mwaka wa tatu Duke, amepitia mengi pale kuliko mwenzake yeyote, na kazi yake ya asili ni kupanga mchezo. Msimu huu mara kadhaa amekubali kusogea pembeni na kumwachia Flagg mpira. Ni heshima nzuri kwa kipaji, lakini dakika ya 38 heshima hiyo inaigharimu timu. Wa pili ni James, mtu mzima, mtulivu, ambaye hapotezi mipira ovyo. Wa tatu ni Knueppel, ambaye siku mpira wake wa mbali ukiingia hakuna beki atakayethubutu kumwacha.

Ila kuna tahadhari mbili. Ushindi wa Auburn ulikuwa nyumbani, na Machi hakuna mechi ya nyumbani. Zote ni viwanja vya kati. Pili, Evans hakufunga tena baada ya mapumziko. Huwezi kupanga msimu juu ya usiku mmoja wa moto.

DUKE IMESHAIPITIA NJIA HII

Historia ya chuo chenyewe ina kurasa mbili za kusoma. Mwaka 2015, chini ya Mike Krzyzewski, Duke yenye vijana wengi wa mwaka wa kwanza ilifika fainali dhidi ya Wisconsin na ikajikuta nyuma kwa pointi tisa kipindi cha pili. Ilishinda 68-63. Staa mkubwa wa kikosi kile alikuwa Jahlil Okafor, lakini aliyemaliza kazi ni Tyus Jones, mpanga mchezo wa mwaka wa kwanza, kwa pointi 23.

Mwaka 2019 Duke ikawa na Zion Williamson, RJ Barrett na Cam Reddish. Kwa vipaji, kile kilikuwa kikosi cha kutisha. Machi ikaiponda UCF kwa tundu la sindano, 77-76. Ikaishinda Virginia Tech 75-73. Raundi iliyofuata Michigan State ikaitoa 68-67. Kamba iliyokuwa inakatika uzi mmoja mmoja ikakatika kabisa. Williamson alifunga pointi 24 siku hiyo na bado hazikutosha.

Scheyer anazijua kurasa hizo. Yeye mwenyewe alikuwa uwanjani Duke ilipobeba ubingwa wa 2010, na kikosi kile kilikuwa cha wakubwa wa mwaka wa mwisho, yeye akiwa mmoja wao. Huu ni msimu wake wa tatu kwenye kiti alichokiacha Krzyzewski baada ya miaka 42 na mataji matano. Kiti hicho hakihesabu mechi za Novemba.

HATARI YA LIGI LAINI

Kinachofanya suala hili lisingoje ni ratiba. Duke inacheza ligi ya ACC, yenye timu 18 msimu huu, na kila timu ina mechi 20 za ligi. Wiki hii vyuo vya ACC vilipambana na vya SEC katika mechi 16. ACC ilishinda mbili tu: Duke kwa Auburn, na Clemson iliyoifunga Kentucky 70-66. Nyingine 14 zilikwenda SEC.

Kwa maneno mengine, kuanzia Januari Duke itakuwa inakutana na wapinzani wengi wasio na ubavu wa kuufikia ukuta wake. Itashinda kwa pointi 15, 20, hata 30. Viwango vitapanda, wastani utapendeza, na watu watasema ugonjwa umepona. Utakuwa haujapona. Utakuwa haujapimwa.

Timu inayoshinda kila wiki kabla ya dakika ya 30 haijifunzi kucheza dakika ya 39. Haijui nani apewe mpira faulo zikianza kupigwa kwa makusudi, nani asimame kwenye mstari wa mitupo huru magoti yakitetemeka, nani aombe muda, nani atulie. Mtoano wa Machi una timu 68 na hauna marudiano. Hakuna mechi ya pili ya kurekebisha makosa ya ugenini. Ukikosea sekunde kumi, unapanda ndege.

Kwa hiyo vipimo vya kweli vilivyobaki ni vichache. Kuna North Carolina, watani wa jadi, Februari 1 nyumbani na Machi 8 kwao Chapel Hill; mechi hizo huwa haziangalii nani yuko juu. Kuna Illinois, Februari 22, Madison Square Garden jijini New York. Na kuna Louisville Jumapili hii, Desemba 8, ugenini, mechi ya kwanza ya ligi.

Atakayekesha kuiangalia Jumapili asihangaike sana na nani anaongoza mapumziko. Duke iliongoza mapumziko Atlanta. Aangalie saa ikifika dakika ya 35 na tofauti ikiwa chini ya pointi sita: mpira unaanza mikononi mwa nani, na Maluach yuko uwanjani au amejifunika taulo kwenye benchi. Kama unaanza kwa Proctor, Flagg akiupokea akiwa tayari mbele ya kikapu badala ya kuukokota kutoka katikati, Duke itakuwa imeanza kutibu kidonda chake.

Kama Flagg bado anaushika peke yake na wenzake wanne wamesimama wakimtazama, basi ushindi wowote utakaopatikana utakuwa wa kuahirisha tatizo. Fainali itapigwa San Antonio Aprili 7. Baada ya hapo Flagg atakwenda zake NBA, na huenda Maluach na Knueppel wakamfuata, na Scheyer ataanza upya na vijana wengine. Muda alionao wa kumfundisha mtu wa pili kushika mpira ni kuanzia Jumapili hadi Machi, na mechi za kumfundishia ni zile zile ambazo ukuta wake unaweza kuzishinda bila yeye kujifunza chochote.